Kujiandaa kwa Mashindano ya Vis: Anzeni na Jalada

Mashindano ya Willem C. Vis, ambamo wanafunzi wa sheria hutetea pande mbili za mgogoro wa kubuni wa biashara ya kimataifa mbele ya jopo la wasuluhishi, hufanyika Vienna kila mwaka siku chache kabla ya Pasaka. Yale ya Hong Kong hutangulia kidogo. Jalada la mgogoro hutolewa Oktoba, hoja za maandishi za mdai huwasilishwa Desemba na za mdaiwa Januari. Mimi ni wakili niliyeshiriki nikiwa mwanafunzi na sasa ninanoa timu. Mpangilio ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata.

Hatua ya kwanza ni kulisoma jalada kabla ya kufungua kitabu chochote cha sheria. Andaeni jedwali la safu tatu, yaani tarehe, tukio na ukurasa, kisha kila mmoja alijaze peke yake kabla hamjalinganisha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu timu yetu iliwahi kujenga hoja nzima juu ya barua pepe tuliyoamini iliandikwa kabla ya mkataba kutiwa saini, ilhali iliandikwa siku mbili baada ya saini. Msuluhishi mmoja alituomba tu tumsomee tarehe iliyokuwa juu ya barua ile, na mzungumzaji wetu alipomaliza kuisoma hakuwa na la kuongeza. Someni pia Amri ya Utaratibu Na. 1, yaani maelekezo ya jopo kuhusu uendeshaji wa shauri, kwani ndiyo inayotaja maswali mnayopaswa kuyajibu, na Amri Na. 2 itakapotoka na majibu ya maswali ya timu zote, rudini kwenye jedwali mlirekebishe siku hiyohiyo.

Hatua ya pili ni kuipambanua sheria inayotawala kila swali, na hapa ndipo wanafunzi wa kwetu hupotea zaidi. Usuluhishi huwa na makao yake Danubia, nchi ya kubuni iliyoipokea Sheria ya Mfano ya usuluhishi ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, wakati mauzo yenyewe kwa kawaida hutawaliwa na Mkataba wa Vienna wa 1980 kuhusu mauzo ya bidhaa ya kimataifa. Uganda, Burundi, Kongo (Brazzaville) na Rwanda zimejiunga na mkataba huo. Kenya na Tanzania bado, na wanafunzi wao huingia wakiwa na sheria ya mauzo yenye asili ya Kiingereza, inayotenganisha sharti la mkataba, ambalo likivunjwa mhusika anaweza kuusitisha mkataba, na dhamana, ambayo ikivunjwa hupata fidia tu. Mgawanyo huo uacheni nyumbani. Ibara ya 25 ya Mkataba wa Vienna inauliza kama uvunjaji wa mkataba wa mauzo umemnyima mhusika kile hasa alichotarajia kukipata, na Ibara ya 7 inataka Mkataba wa Vienna wenyewe ufasiriwe kwa kuzingatia sura yake ya kimataifa, kwa hiyo hukumu ya Ujerumani au Austria iliyoutafsiri mkataba huo itawafaa kuliko hukumu maarufu ya London juu ya sheria ya Kiingereza.

Hatua ya tatu ni kuandika. Hoja za mdaiwa hujibu hoja za mdai zilizoandikwa na timu nyingine mtakayopangiwa, hivyo msiandike utetezi wa jumla mliouandaa mapema. Zifuateni aya zao, mtaje mahali waliponyamaza.

Hatua ya nne, inayohitaji muda mrefu kuliko zote, ni mazoezi ya kuzungumza. Mtasimama mara nne katika duru za awali, mbili kama mdai na mbili kama mdaiwa, wazungumzaji wawili kila mara. Jopo si mahakama, kwa hiyo acheni mazoea ya kusema “Mheshimiwa Jaji”. Semeni “Mwenyekiti” au “Msuluhishi”. Swali likija, jibu litangulie, maelezo yafuate. Tuseme mnunuzi alitoa taarifa ya kasoro siku 40 baada ya kupokea mtambo, na Mwenyekiti anauliza: “Je, hakuchelewa?” Mzungumzaji aliyeandaliwa vibaya huanza kusimulia historia ya Ibara ya 39. Aliyeandaliwa vyema husema: “Hakuchelewa, Mwenyekiti. Siku 40 zilipita tangu mtambo upokelewe, lakini kasoro ilionekana tu ulipoendeshwa kwa uwezo wake wote, siku ya 36, kama inavyoonekana katika Kielelezo cha Mdai Na. 5. Muda wa Ibara ya 39 huhesabiwa tangu mnunuzi alipoigundua kasoro au alipopaswa kuigundua.” Kisha hunyamaza, na huo ukimya ufanyieni mazoezi pia, maana mwanafunzi mwenye hofu huendelea kusema hadi akubali jambo ambalo mteja wake hakulikubali.

Waalikeni mawakili wa nje ya chuo wawakatize bila huruma, na wiki mbili kabla ya safari kila mzungumzaji atetee upande asioupenda, mkononi akiwa na jedwali la matukio peke yake.