Kununua nyumba yenye hati Dar es Salaam, hatua kwa hatua

Mwongozo huu unahusu nyumba ya kuishi yenye hati miliki, ndani ya Dar es Salaam, kati ya Watanzania. Nyumba ya leseni ya makazi, au ile ya kuandikishana kwa mjumbe kwenye eneo lisilopimwa, ina njia yake nyingine. Nimeamua kuuandika kwa sababu wanunuzi ninaowasimamia huniuliza maswali yale yale, na karibu wote huhangaika na karatasi wakasahau watu.

Hatua ya 1: Upekuzi, kabla hujatoa hata shilingi

Mwombe muuzaji nakala ya hati, kurasa zote. Tazama namba ya hati, kiwanja na kitalu, kisha muda wa umiliki: hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na hesabu huanzia tarehe iliyoandikwa humo, si siku unayonunua. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inafika mwisho 2028. Watu hulipa mamilioni bila kupiga hesabu hiyo.

Ukishaipata, peleka maombi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati, wewe mwenyewe au wakili wako. Upekuzi ulioletwa na dalali mimi siugusi, hata uwe na mhuri unaong'aa. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, rehani kama ipo, na zuio kama lipo, yaani pingamizi la mtu mwingine dhidi ya uhamisho. Rehani isikukimbize: benki hulipwa deni lake kwanza kutoka kwenye bei, inaifuta, na mauziano yanaendelea. Ila majibu ni ya siku ile tu. Rudia upekuzi siku chache kabla ya kumaliza malipo.

Dai pia stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu. Kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU tangu 2021, kwa hiyo ukiwa hapo hapo kwenye nyumba nunua umeme wa shilingi elfu chache kwa namba ya mita hiyo, usome ujumbe wa kinachokatwa. Deni likiwepo, litajionyesha.

Hatua ya 2: Nenda ukaione

Mchana, na mpima ardhi akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Kama kuna mpangaji, soma mkataba wake.

Hatua ya 3: Nani hasa anakuuzia?

Hapa ndipo mauziano mengi hukwama, kwa hiyo nivumilie.

Jina moja kwenye hati halina maana kwamba mwamuzi ni mmoja. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, inakwenda mbali zaidi: inamtaka mnunuzi aulize kama mwenza, *au wenza*, wameridhia. Mzigo wa kuuliza ni wako. "Aliniambia hajaoa" haitakusaidia mahakamani kama hukujisumbua kuuliza.

Mzee mmoja alileta mke, cheti cha ndoa na picha za pasipoti, kila kitu safi. Siku ya kwenda kuiona nyumba, mama aliyetufungulia geti alijitambulisha kuwa ndiye mama mwenye nyumba, na hakuwa yule aliyekuja ofisini. Mzee alikuwa na wake wawili, na anayeishi mle hakuwa na habari kwamba nyumba inauzwa. Mnunuzi alikuwa hajalipa kitu, tukasimama. Ilibidi familia ikae, mama apatiwe pa kuhamia, kisha wote wawili wakasaini. Tungemaliza malipo kwanza, yule mama angeweka zuio na sote tungeonana Baraza la Ardhi.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu. Mwenza anasaini ridhaa mbele ya wakili, na kitambulisho chake cha NIDA, muuzaji akiwa nje ya chumba. Naenda pia kuongea na wanaoishi kwenye nyumba na jirani mmoja au wawili. Wanajua mengi kuliko faili.

Anayesema hana mwenza ale kiapo cha hali ya ndoa, lakini usilale juu yake: walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mke na mume, sheria huwadhania kuwa wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Aliyeachana alete amri ya mahakama, na uisome imesema nini juu ya nyumba hii.

Mwenye jina akiwa amefariki, watoto hawawezi kukuuzia, hata wakija wote na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao kinapendekeza tu. Anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Kwa Mahakama ya Mwanzo, dai Fomu namba 4, ndiyo barua ya uteuzi wake. Msimamizi anatakiwa kwanza asajiliwe kwenye hati, ndipo ahamishe kwako. Mimi huwataka na warithi wote wasaini, kwa usalama tu.

Muuzaji akiwa Muscat au London na kumtuma ndugu, hati ya uwakilishi iwe imesajiliwa. Mpigie mwenyewe kwa video. Mwenye mali akifa, uwakilishi huo umekufa naye.

Hatua ya 4: Mkataba na fedha

Tafuta wakili wako, si wa muuzaji, na umhakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Mikataba ya kujaza ya steshenari waachie wauza pikipiki. Lipa kwa benki, kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati, na ubakize sehemu ya bei hadi kodi ya muuzaji ilipwe.

"Asilimia 10 ya serikali ya mtaa je?" Mwenyekiti anaweza kushuhudia, lakini hakuna sheria inayokudai asilimia hiyo.

Usikubali kuandika bei ya chini ili kukwepa kodi. Mgogoro ukitokea utarudishiwa iliyoandikwa, na siku utakapouza wewe, faida itaonekana kubwa na kodi itakuwa juu yako.

Hatua ya 5: Uthamini, kodi, uhamisho

Mthamini aliyesajiliwa anaandaa ripoti, Mthamini Mkuu wa Serikali anaiidhinisha. Wakili anajaza fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35. TRA wanatoza muuzaji mkazi asilimia 10 ya faida (risiti za saruji na mabati humsaidia hapa), na mnunuzi ushuru wa stempu, takriban asilimia 1. Mafaili yanarudi ofisi ya ardhi kwa kibali na usajili.

Hati ikitoka, linganisha jina lako na kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani.