Pilipili ya chupa ughaibuni: namna ya kuchagua sosi inayoafikiana na chakula chetu

Mtu anayehamia Ulaya au Amerika Kaskazini kutoka Afrika Mashariki mara nyingi hudhani kwamba shida yake dukani itakuwa kupata pilipili iliyo kali ya kutosha. Ukali haukosekani, kwa sababu rafu za sosi katika maduka makubwa ya huko siku hizi zina chupa zenye pilipili kali kuliko zote tulizolelewa nazo. Kinachopungua ni uchachu wa ndimu, wa ukwaju na wa embe bichi, ambao katika chakula chetu huenda sambamba na pilipili. Sosi nyingi za dukani hupata uchachu wake kutokana na siki, na nyingine huongezewa sukari, kwa hiyo chupa inayosifiwa na kila mtu kazini inaweza kuharibu kabisa sahani ya wali wa nazi. Ushauri wangu kwa mgeni ni kwamba asitangulize swali la ukali anaponunua sosi, bali ajiulize kwanza itawekwa juu ya chakula gani.

Jibu la swali hilo huanzia kwenye lebo. Katika nchi za Ulaya, Uingereza, Marekani na Kanada, viambato huorodheshwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi kuliko vyote. Sosi ambayo siki imetangulia itakuwa nyepesi na chachu. Ambayo pilipili imetangulia itakuwa nzito zaidi na yenye ladha ya pilipili yenyewe. Na ambayo sukari imekaa nafasi ya kwanza au ya pili ni sosi tamu, hata kama kwenye chupa pamechorwa miali ya moto. Chumvi nayo itazamwe kwa makini, hasa na mwenye shinikizo la damu. Lebo za Marekani hutaja sodiamu kwa miligramu, na ili kupata kiasi cha chumvi unazidisha kwa 2.5. Kijiko kimoja cha chai cha Tabasco ya kawaida kina miligramu 35 za sodiamu, ilhali kijiko hicho hicho cha Frank's RedHot, sosi nyingine ya Kimarekani, kina miligramu 190. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, na vijiko vitatu vya Frank's tayari vimechukua zaidi ya robo ya kiasi hicho kabla hujahesabu chumvi ya chakula chenyewe.

Tabasco hutengenezwa Avery Island, Louisiana, na familia ya McIlhenny tangu mwaka 1868. Pilipili husagwa pamoja na chumvi, huachwa ichachuke katika mapipa ya mti wa mwaloni kwa muda unaoweza kufika miaka mitatu, kisha huchanganywa na siki. Matokeo yake ni sosi nyepesi kama maji, inayopenya ndani ya chakula badala ya kukaa juu yake, na kwa sababu hiyo inafaa sana kwenye supu. Penye supu ya mbuzi au ya makongoro ambayo nyumbani ungeikamulia ndimu na kuipondea pilipili, matone machache ya Tabasco hufanya sehemu ya kazi zote mbili. Inafaa pia kwenye maharage na mayai. Usiitie kwenye mchuzi wa samaki wa nazi wala juu ya wali wa nazi, kwani siki hufunika utamu wa tui na kuacha ukakasi. Frank's RedHot ni pole zaidi, na hutumika katika mabawa ya kuku ya mtindo wa Buffalo, mapishi yanayohusishwa na mkahawa wa Anchor Bar katika mji wa Buffalo, Marekani, mwaka 1964, ambapo huchanganywa na siagi iliyoyeyushwa. Kwa kuku wa kukaanga na kwa watoto wanaoanza kuonja pilipili, ni chaguo zuri.

Kwa chipsi, mimi ninaiweka Valentina mbele ya nyingine zote. Inatoka Guadalajara nchini Meksiko, ni nzito kiasi, siki yake haitawali, na ladha ya pilipili kavu inajitokeza vizuri. Lebo ya njano ni ya pole na lebo nyeusi ni kali zaidi, na mtu aliyezoea pilipili za vibanda vya chipsi Dar es Salaam au Nairobi ataridhika zaidi na ile nyeusi. Inauzwa pia katika chupa kubwa ya takribani lita moja kwa bei nafuu, jambo linalofaa kwa familia. Wameksiko huimiminia hata matunda yaliyokatwa, embe likiwemo, na yeyote aliyekula embe bichi kwa chumvi na pilipili nje ya lango la shule ataelewa mara moja kwa nini. Cholula, yenye kizibo cha mbao, na Tapatío, inayotengenezwa California tangu 1971, ni ndugu wa karibu wa sosi hiyo, na palipokosekana moja, nyingine itaziba pengo.

Salsa inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayokaribia kachumbari yetu kuliko kitu kingine chochote kilichomo dukani. Ile mbichi inayoitwa pico de gallo ina nyanya, kitunguu, pilipili mbichi, giligilani, ndimu na chumvi, yaani kachumbari iliyokatwa vipande vidogo vya mraba. Tatizo ni kwamba salsa ya mtungi inayokaa rafuni miezi mingi imepikwa, na nyanya yake ina ladha ya mchuzi. Inayouzwa kwenye friji za duka huwa mbichi zaidi, ingawa tarehe yake ya mwisho ni ya karibu. Ukilazimika kununua ya mtungi, tafuta yenye viambato vichache unavyovijua; salsa ya Herdez ya mtindo wa nyumbani, kwa mfano, ina nyanya, kitunguu, pilipili ya serrano, giligilani na chumvi. Ichuje maji kidogo, kata kitunguu chembamba, kioshe kwa chumvi, kisha changanya pamoja na ndimu na giligilani mbichi. Wakati wa baridi, nyanya za dukani zinapokuwa ngumu na hazina ladha, kachumbari ya namna hiyo pembeni ya pilau au nyama choma ni bora kuliko iliyokatwa kwa nyanya mbichi. Mitungi mingi huandikwa madaraja matatu ya ukali, na daraja la kati kwa mtu wa kwetu ni la pole, kwa hiyo chukua la juu bila hofu.

Salsa ya kijani, inayotengenezwa kwa tomatillo, tunda dogo linalofanana na nyanya mbichi na kufunikwa na ganda jembamba kama karatasi, haijulikani sana miongoni mwetu, na hilo ni jambo la kusikitisha. Uchachu wake hautokani na siki peke yake bali na tunda lenyewe, na unakaribia uchachu wa embe bichi. Ijaribu kwenye samaki wa kukaanga au mihogo ya kukaanga. Katika rafu hiyo hiyo utakuta makopo madogo ya chipotle, ambayo ni jalapeño zilizokaushwa kwa moshi na kutiwa katika rojo la nyanya, siki na viungo. Anayeishi ghorofani mahali ambapo jiko la mkaa limekatazwa anaweza kusaga chipotle mbili pamoja na kitunguu saumu, ndimu na chumvi, akapaka nyama usiku kucha na kuioka kwenye oveni siku inayofuata. Haitakuwa sawa na nyama ya mkaani, lakini moshi utasikika.

Wanaolilia harufu ya pilipili mbuzi waende moja kwa moja kwenye sosi za Karibi. Scotch bonnet na habanero ni za spishi ile ile, Capsicum chinense, na harufu yao ya matunda ndiyo hasa tunayoikumbuka. Uingereza, Encona hupatikana karibu kila duka kubwa. Grace ya Jamaika, Matouk's ya Trinidad na Baron ya Saint Lucia hupatikana katika maduka ya Wakaribi. Na Amerika Kaskazini kuna Marie Sharp's ya Belize, ambayo huchanganya habanero na karoti na kwa hiyo ina utamu wa asili usiohitaji sukari nyingi. Sosi hizi zinakubaliana na wali na maharage, muhogo wa kuchemsha, ndizi na samaki wa aina zote. Angalia lebo kwanza, kwa maana baadhi ya sosi za njano zina haradali, ambayo hufunika harufu unayoitafuta na pia huwadhuru wenye mzio nayo. Ukali wake si wa kupuuza: kwa kipimo kilichoanzishwa na Wilbur Scoville mwaka 1912, jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000, ilhali habanero huanzia 100,000 na kufika 350,000.

Kila nchi ina sosi yake iliyokwisha kuzoeleka, na ni busara kuanza na hiyo kabla ya kuagiza kutoka mbali. Uholanzi, kutokana na historia yake na Indonesia, ina sambal katika kila duka. Sambal oelek ni pilipili iliyosagwa kwa chumvi na siki kidogo bila mambo mengine, na kwa mpishi ndiyo yenye manufaa kuliko zote, kwani unaweza kuitia kwenye mchuzi wowote usio wa nazi ikachukua nafasi ya pilipili mbichi. Aina nyingine za sambal zina uduvi uliochachuliwa, kwa hiyo asiyekula au mwenye mzio asome kwanza. Ufaransa na Ubelgiji utaikuta harissa ya Tunisia, maarufu ikiwa ile ya Cap Bon, yenye kitunguu saumu, kisibiti na mbegu za giligilani. Inafaa kupakwa kwenye nyama, lakini usiiweke kwenye pilau, kwa sababu viungo vyake vitagombana na bizari na iliki. Brussels, mtaa wa Matonge una maduka ya Kiafrika ambamo Wakongo, Warundi na Wanyarwanda hununua pilipili za kwao. Marekani, sriracha ya Huy Fong, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1980 na David Tran, mkimbizi kutoka Vietnam, inapendwa na wengi. Ina sukari na kitunguu saumu, inapendeza kwenye chipsi na mishkaki, ila ipakwe nyama inapokaribia kuiva, maana sukari huungua upesi kwenye moto.

Bhajia, viazi karai, mishkaki na urojo vinadai ukwaju, na hapo duka la Wahindi halina mbadala. Uingereza, maeneo ya Wembley, Southall na Leicester yana Wahindi wengi waliowahi kuishi Kenya, Uganda na Tanzania, na maduka yao yanajua tunachokihitaji. Hata Patak's, ambayo achari zake za embe na ndimu zimejaa katika maduka makubwa ya nchi hiyo, ilianzishwa na Laxmishankar Pathak, aliyefika Uingereza akitokea Kenya mwaka 1956. Achari hizo ni nzuri kwa wali na biriani. Chatini ya ukwaju ya chupa, kwa upande wake, mara nyingi imejaa sukari. Ni afadhali ununue bonge la ukwaju, uliroweke kwa maji ya moto, uukamue na kuuchuja, kisha uchanganye na kijiko cha sambal oelek na chumvi. Walioko Muscat au Dubai hawahitaji mwongozo huu kwa ukwaju wala achari.

Bidhaa za nyumbani nazo zinasafiri. Peptang ya Kenya na Redgold ya Tanzania hupatikana katika baadhi ya maduka ya Kiafrika, na Akabanga, mafuta ya pilipili yanayotengenezwa Nyirangarama nchini Rwanda na kampuni ya Sina Gérard, sasa huagizwa kwa intaneti hata Amerika. Kwa kuwa Akabanga ni mafuta, haina uchachu wa siki, na ndiyo pekee katika makala hii ninayoipendekeza bila wasiwasi kwa chakula cha nazi. Tone moja au mawili yanatosha sahani nzima. Iwekwe mbali na watoto, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuishika. Ikikuzidi, kunywa maziwa au mtindi, kwani kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, huyeyuka katika mafuta na haiyeyuki vizuri katika maji.

Anayebeba chupa kutoka nyumbani aiweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, kwa sababu viwanja vingi bado haviruhusu kimiminika cha zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi. Aifunge vizuri kwa mfuko wa plastiki na kuizungushia nguo. Pilipili mbichi ni suala jingine: Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuziingiza kutoka nje bila cheti cha afya ya mimea, na Marekani inamtaka kila msafiri kutangaza chakula chochote alichonacho. Chupa iliyofungwa kiwandani, yenye lebo inayosomeka, humpunguzia mtu maswali mengi.

Ikishafunguliwa, sosi iliyojaa siki kama Tabasco inaweza kukaa kabatini kwa muda mrefu, ingawa rangi yake itafifia. Salsa yoyote iingie kwenye friji siku hiyo hiyo na imalizike katika siku chache kama lebo inavyoelekeza. Anayependa kukaanga pilipili na kitunguu saumu katika mafuta na kuhifadhi mwenyewe asiiache nje kamwe: kitunguu saumu kilichozama katika mafuta, penye joto la kawaida, ni mahali ambapo bakteria wa botulinamu huweza kuzaana na kutoa sumu isiyo na harufu wala ladha ya kukuonya. Pika kidogo, weka kwenye friji, na kilichobaki baada ya wiki moja kitupwe.