Kabla mzee hajalazwa: mambo ya kuwekana sawa na wazazi wetu walioko Uingereza

Mguse mama yako habari ya ugonjwa mkubwa, jibu la kwanza ni "usinichulie." Si ukaidi. Kwetu kifo ni cha Mungu, na maamuzi ya mgonjwa ni ya jamaa. Lakini mzee anayezeekea London au Leicester anauguzwa chini ya utaratibu mwingine. Kwa England na Wales, Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005 haimpi mtoto mkubwa, wala mume, wala mke, mamlaka ya kumwamulia mgonjwa asiyejiweza tena kuamua. Madaktari wanatakiwa wawasikilize, ila wao ndio watakaoamua lenye maslahi kwake. Familia nyingi hulijua hili wodini, wakati mzee hasemi.

Kwa hiyo tangulizeni hati ya uwakilishi, ile LPA (Lasting Power of Attorney), ambayo mzee humteua mtu wa kumwamulia. Ziko mbili, ya mali na ya afya. Wengi wameandika ya mali kwa sababu ya benki wakadhani kazi imekwisha. Hiyo haikupi sauti yoyote kitandani kwa mgonjwa. Ya afya huandikwa mzee akiwa na akili timamu, na huanza kutumika pale tu anaposhindwa kuamua mwenyewe. Kama kusahau kumeshaanza, bado anaweza kuiandika ilimradi anaelewa anachokisaini, ila msikawie.

Kwenye fomu, tulieni mkifika sehemu ya 5. Hapo mzee anaamua kama wawakilishi wake wataweza kukubali au kukataa matibabu ya kumweka hai, au jambo hilo libaki kwa madaktari, na anasaini mbele ya shahidi. Ni swali zito, na linastahili mazungumzo ya jioni nzima kwa lugha yake. Mtoto asimjazie. Kisha angalieni zamu za sahihi: kwanza mzee, halafu mthibitishaji ambaye si ndugu, ama anayemfahamu kwa miaka 2 au zaidi, ama mtaalamu kama daktari au wakili, na wawakilishi mwisho. Tarehe zikivunja mpangilio huo, fomu inakataliwa. Hati isiyosajiliwa haifanyi kazi, na usajili huchukua wiki kadhaa. Wenye kipato kidogo wanaweza kupunguziwa ada au kusamehewa.

Nani ateuliwe? Kifungua mimba ana heshima yake, lakini mimi ningemtaka yule anayeweza kufika hospitali usiku na kusema alichokitaka mzee hata kama yeye mwenyewe hakitaki. Wakiwa wawili, waruhusiwe kuamua pamoja au kila mmoja peke yake. Wakifungwa kuamua kwa pamoja tu, mmoja akifariki hati nayo inaweza kukoma.

Pembeni ya hati hiyo, mwandikieni mzee maelezo ya matakwa yake. Hayawafungi madaktari kisheria, lakini hawaruhusiwi kuyapuuza. Anzeni na lugha. Mwenye maradhi ya kusahau mara nyingi hupoteza Kiingereza kwanza, akabaki na Kiswahili, Kibarawa au Kikuyu chake. Andikeni chakula, swala, kuogeshwa na mwanamke mwenzake, shehe au mchungaji wa kuitwa. Andikeni pia kama anataka kuambiwa ugonjwa wake waziwazi, au anapendelea aambiwe binti yake. Hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, zinatoa mkalimani bure, ombeni. Mjukuu wa miaka 14 asitwishwe kumtafsiria bibi yake habari ya saratani.

Kuna karatasi inayowatisha watu sana, DNACPR. Maana yake ni kwamba moyo ukisimama hawataukandamiza kuurudisha. Dawa, maji na matunzo mengine havikatizwi kwa sababu yake. Ni uamuzi wa kitabibu, lakini tangu hukumu ya kesi ya Tracey ya mwaka 2014 madaktari wanapaswa kuuzungumza na mgonjwa. Mkiikuta kwenye faili bila mtu kuwaambia, ulizeni.

Kuhusu viungo, tangu Mei 2020 England humhesabu mtu mzima kuwa amekubali kuchangia asipojiandikisha vinginevyo, ingawa familia huulizwa. Mzee aseme ndiyo au hapana kwenye daftari la NHS, na aeleze kama anataka imani yake izingatiwe.

Mwisho, maziko. Tangu Septemba 2024 kila kifo kisichokwenda kwa koroni, afisa anayechunguza vifo, hupitiwa na daktari mkaguzi kabla ya kusajiliwa, hivyo wanaotaka kuzika siku hiyohiyo wamfahamishe GP, daktari wake wa mtaani, mapema mgonjwa anapozidiwa. Mwili ukisafirishwa Zanzibar au Nairobi, lazima koroni apewe taarifa kwanza. Nakala za karatasi zote apewe GP, wawakilishi, na ndugu mmoja aliyeko nyumbani, maana huko ndiko simu za lawama zitakakotoka.