Kuandaa jioni ya mtaa kwenye nyumba ya kale Lamu bila kuiumiza nyumba

Ile Nyumba ya Kiswahili pale Lamu mjini, ambayo sasa ni makumbusho, ilijengwa karne ya 18 na watu waliishi humo, wakapika, wakazaliana, ndo maana mi napenda sana ikijaa sauti za watu wa mtaa na sio watalii peke yao. Ukitaka kufanya shughuli humo, au kwenye nyumba yoyote ya kale, fanya hivi.

Anza na msimamizi, mapema. Nyumba iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa hiyo ruhusa iwe ya maandishi. Alafu pita kwenye baraza za mtaa uwaulize wazee na kina mama wanataka nini: bao, mashairi, hina, kusuka mikeka. Kina mama wapangie alasiri, mashairi yaanze baada ya Isha, na kama ni mfungo sita angalia kwanza ratiba za Maulidi maana hutapata mtu.

Idadi ya watu usiichukulie poa. Vyumba vya Lamu ni virefu ila vyembamba, upana haufiki hata mita 3, sababu dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti ina urefu wake, sasa ukijaza watu 50 orofani unaibebesha mzigo ambao haukukusudiwa. Wageni wapokelewe dakani, yaani kibarazani pa mlangoni, wengi wakae kiwandani, yaani ule ua wa ndani, na vyumba vya ndani vyenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani, waingie kumi kumi.

Na msipige msumari! Nilishaona nyumba moja ya zamani vijana wametundika bango kwa misumari minne, plasta ya chokaa ikabanduka kipande kama sahani, ukigusa jiwe la matumbawe nyuma yake linamomonyoka kidoleni, iliniuma sana. Fundi akaja akaziba na saruji, hapo ndo ikaharibika zaidi, saruji inafungia unyevu na chumvi ukutani, mvua zilipopita plasta ya pembeni nayo ikavimba. Pakihitaji kuzibwa ni chokaa tu. Bango lifungeni kwenye miti miwili iliyosimikwa kwenye ndoo za mchanga. Mishumaa kwenye vidaka hapana, moshi unaganda kwenye nakshi, tumieni taa za betri.

Maelezo waachie wenye nyumba, yaani wazee wa mtaa. Tulipofanya ya kwetu bibi mmoja alishika ukingo wa birika, lile tangi la maji lililojengewa ndani, akawaambia watoto zamani humu mlikuwa mnawekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, watoto wote wakainama kuchungulia kama samaki bado wamo. Hakuna kibao cha maelezo kingeweza kufanya hivyo.

Kahawa na tende zigaiwe dakani, dele la kahawa lenye makaa lisiingie ndani. Mkimaliza fagieni kwa ufagio laini, sakafu msiimwagie maji, na kabla ya kufunga mlango piteni na msimamizi chumba kwa chumba mkiwa na tochi, mkiona ufa mpya mwambieni usiku huohuo.