Kutembelea kasri la Lord Egerton kama mtu wa hapa Njoro

Sasa wewe unayetoka Nakuru taoni, panda matatu ya Njoro, umwambie makanga akushushe njia ya kasri. Hapo utapata boda, lakini patana bei kabla hujakalia kiti, ukishavaa viatu vya taoni na kamera shingoni bei inapanda yenyewe.

Njoo asubuhi, mvua ya huku hupenda mchana na udongo wetu mweusi unanata kwa soli mpaka unatembea kama umevaa gambuti za mtu mwingine.

Ukifika chukua mtu wa kutembeza wageni, usizunguke tu ukipiga selfi. Muulize kwa nini mzee Egerton, mlowezi Mwingereza mwenye kasri, alianza kujenga 1938 akamaliza 1954 halafu akafa 1958, yaani miaka minne tu ya kufurahia mijengo yote hiyo! Na kwa nini hakutaka mwanamke akanyage hapo. Shosho wetu wanaicheka sana hiyo, leo harusi ni hapo hapo kwa nyasi zake.

Ukitoka usikimbilie boda, nunua mahindi choma kwa akina mama, omba ya pilipili na ndimu.