Saaz Ikikosekana

Mimi nikipika bia ya pilsner hapa Nairobi na nikakosa Saaz, hopsi ya Ucheki (hopsi ni maua yanayoipa bia uchungu na harufu), natafuta Lubelski ya Poland au Tettnang ya Ujerumani: harufu ya majani na viungo, uchungu mpole. Cascade ya Marekani waachie wengine. Inanukia balungi, na hiyo si pilsner tena.

Kisha soma asidi alfa, yaani kinacholeta uchungu, kwenye pakiti. Kama ulihitaji gramu 60 za Saaz ya asilimia 3.5, basi hopsi nyingine kama Sterling ya asilimia 7 weka gramu 30. Hesabu hiyo ni ya hopsi za uchungu, zinazochemka saa nzima. Za harufu, dakika kumi za mwisho, usizikate nusu, amini pua.

Huku kwetu juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, uchungu hutoka pungufu, basi ongeza kidogo. Hopsi zikinuka jibini, tupa.