"Irregardless": futa herufi mbili za mwanzo

Neno la Kiingereza "irregardless" linakanusha mara mbili. "Regardless" (bila kujali) tayari lina "-less" mwishoni, yaani "bila". Ukilibandika "ir-" mbele unakanusha tena. Kamusi ya Merriam-Webster inalo, kweli, ila inaeleza kuwa si sanifu. Kwenye barua ya kazi futa "ir" na sentensi itasimama vilevile.

Kosa baya zaidi ni "could of", kwa sababu hapo sarufi yenyewe imevunjika. Sikio ndilo linalopotosha: "could've" ikitamkwa haraka husikika hivyo. Baada ya "could", "should" au "would", andika "have", si "of". Ukisita, soma sentensi polepole bila kufupisha neno lolote.

Na "discuss" (kujadili) haihitaji "about". Maana ya "kuhusu" imo ndani yake.